Chupa Imepasuka! Michezo ya Kumwandaa Mama Mjamzito

Siku hizi, akina mama, sherehe ya kumpongeza mwenzetu anayekaribia kujifungua imeshapanda hadi Ufipa. Ilianzia mijini, kama ilivyoanzia huko kichen pati ya bibi arusi, na sasa inaingia katika familia zetu kwa jina lake lile lile la bebi shawa. Shawa ni manyunyu: maana yake ni kwamba siku hiyo zawadi zinamnyeshea mama. Desturi hii ilistawi sana Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watoto walipozaliwa kwa wingi huko, na pamoja nayo ikaja michezo ya kuwachekesha wageni.

Wapo wanaoinung'unikia wakisema ni kuiga uzungu. Wapo pia bibi zetu wasemao kwamba mimba haitangazwi, na nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajalia. Tusiwacheke bibi hao. Walizika watoto wengi wachanga, na kukaa kimya ilikuwa njia yao ya kujikinga na uchungu. Kama mama mkwe au shangazi ana wasiwasi wa namna hiyo, nguo za mtoto zikabidhiwe kwake azitunze hadi siku ya siku. Lakini vifaa vya kujifungulia si zawadi za mtoto. Ni vifaa vya mama, naye anavihitaji mapema.

Ukurasa huu wa afya hauna ugomvi na sherehe. Tunachosema ni kwamba watu thelathini wakikaa pamoja mchana mzima kwa ajili ya mjamzito mmoja, itakuwa hasara kubwa wakitawanyika jioni bila hata mmoja wao kujua atafanya nini usiku ule uchungu utakapomshika. Michezo inaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko hotuba, maana watu hukumbuka walichokicheka.

Kwanza, siku yenyewe. Mwezi wa saba au mwanzoni mwa mwezi wa nane wa mimba unafaa; ukingoja wa tisa, mtoto anaweza kuwatangulia. Ifanyike mchana. Mama apewe kiti chenye egemeo, kiwe karibu na choo, na miguu yake iwekwe juu ya kigoda. Yeye ndiye mwamuzi wa michezo yote, hakimbizwi. Michango isiwe ya kuwatia watu aibu: mwenye kipande cha sabuni aje na sabuni yake. Na pombe isiwepo. Tunajua kwamba pombe ya ulezi ina heshima yake hapa kwetu, lakini hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Togwa tamu ya siku hiyo hiyo inatosha, nayo ni ya ulezi vile vile.

Kapu la mama

Huu ni mchezo rahisi na ndio wa kuanzia. Dada au wifi wa mama atandike mkeka na kupanga juu yake vitu vya kwenda navyo kujifungua: khanga au vitenge safi vinne, kipande cha makintoshi, glavu, wembe mpya ambao haujafunguliwa, nyuzi za kufungia kitovu, pamba na pedi, beseni, sabuni, nguo za kubadilisha za mama, kofia na soksi za mtoto, blanketi, kikombe, chupa ya chai, nauli, na kadi ya kliniki. Achomeke pia vitu vitatu visivyohusika, kwa mfano mwiko, kopo la maziwa ya unga na chupa ya kunyonyeshea. Wageni watazame kwa dakika moja, kisha khanga itandazwe juu ya vyote. Kila mmoja aandike alivyoviona. Asiyeandika amnong'oneze mwamuzi. Atakayetaja vingi ameshinda, lakini anayetaja chupa ya kunyonyeshea kuwa ni kifaa cha lazima anapunguziwa alama mbili huku akichekwa kidogo.

Halafu raundi ya pili: wageni wafumbe macho, kitu kimoja kiondolewe, waseme kipi hakipo. Kiondoeni kadi. Bila kadi mkunga wa zamu hajui shinikizo la damu la mama lilikuwaje miezi iliyopita, kundi lake la damu, wala vipimo vyake vingine. Tahadhari hapa: tumieni kadi tupu ya kuigiza. Kadi ya mama ina siri zake, haipitishwi mikononi mwa wageni.

Mchezo ukiisha, vitu vile vile ndivyo viingizwe kapuni na kapu lifungwe. Wenye sherehe waligawe orodha hiyo wiki mbili kabla, mgeni huyu alete glavu, yule alete beseni. Ndivyo mama atakavyoondoka na kapu lililotimia badala ya mabeseni kumi na mbili.

Baba abebe tumbo

Wanaume nao waalikwe, hata kama ni kwa saa moja tu ya mwisho. Chukueni kilo saba za maharage, zifungeni kwa khanga tumboni mwa baba mtarajiwa na rafiki zake wawili. Sasa waambieni waketi kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu. Waokote punje kumi za maharage sakafuni. Wavue viatu na kuvivaa tena na kufunga kamba. Wapulize moto jikoni. Kama uwanja unaruhusu, wape majembe wainue tuta moja la ntumba, tuone.

Watu watacheka mpaka machozi. Kisha mmoja wa akina mama awaambie kwamba mkewe huongezeka kilo kumi na zaidi, hazifunguliwi usiku, na ndani yake kuna mtu anayepiga teke. Hapo ndipo pa kumwuliza baba mbele ya mashahidi: kuanzia kesho nani anateka maji, nani anakata kuni, na ni lini mtafuatana kliniki? Waume wengi hawakatai kwenda kliniki, ila hakuna aliyepata kuwaambia kwamba wanatakiwa huko. Mama anatakiwa aanze kliniki kabla ya wiki ya 12, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio manane hadi kujifungua, si yale manne ya zamani. Katika mahudhurio manane baba hakosi nafasi ya mawili au matatu.

Kubahatisha

Kubahatisha ni mchezo wa kila bebi shawa: mtoto ni wa kike au wa kiume, atazaliwa lini, atakuwa na kilo ngapi. Hauna madhara ukibaki mchezo. Wengi hutazama tumbo, la mbele mvulana, la kuenea msichana. Watafiti wa Baltimore, Marekani, walilipima jambo hilo kwa wanawake 104, na mwaka 1999 wakatangaza kwamba umbo la tumbo halikutabiri chochote. Lakini watafiti wa huko huko waliporudi mwaka 2006 na swali la kiungulia, ule usemi kwamba mama mwenye kiungulia kikali anazaa mtoto mwenye nywele nyingi, walikuta kwa wanawake 64 kwamba bibi walikuwa wamesema kweli! Kwa hiyo bahatisheni nywele. Mpimaji wa tumbo kwa uzi naye aruhusiwe iwapo tu mama mwenyewe hajali, maana si kila mtu hupenda mzunguko wake utangazwe.

Msiweke mchezo wa kuhesabu nani ana watoto wengi. Karibu katika kila kundi yupo dada aliyepoteza mimba, au anayeingoja mwaka wa saba sasa, naye amekuja kucheka nasi.

Michezo ya kuacha na michezo ya kuigeuza

Kuna mchezo wa kigeni wa kushindana kunywa maji ya matunda kwa chupa ya mtoto. Tunashauri muuache. Chupa ikifanywa kuwa alama ya mtoto, mama mdogo anaondoka akiamini kwamba mtoto bila chupa amepungukiwa, kumbe ziwa lake linatosha kwa miezi sita ya mwanzo bila hata tone la maji. Ni kwa sababu ya hatari za chupa na maziwa ya kopo kwamba mwaka 1981 mataifa yalipitisha kanuni ya kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo. Sisi tusiyatangaze bure ukumbini.

Mwingine ni wa kuwafunga wageni macho na kuwaonjesha vyakula vya watoto vya makopo. Huu tuugeuze, maana unafaa sana. Pikeni uji wa aina tano katika sufuria ndogo: wa mahindi matupu, wa ulezi mtupu, wa ulezi na karanga, wa mahindi na maharage yaliyosagwa, na wa ulezi wenye maziwa yaliyochemshwa. Kila mgeni awe na kijiko chake. Aliyefungwa khanga machoni aonje na kutaja kilichomo. Mtashangaa ni wanaume wangapi hawawezi kutofautisha karanga na maharage. Waliozunguka watajionea kwamba uji wa mahindi matupu ndio wenye ladha haba, na ndio ambao watoto wengi hupewa asubuhi na jioni. Mtoto aliyetimiza miezi sita anahitaji ulezi wetu uwe na mwenzake: karanga, maharage, maziwa, au dagaa wa Tanganyika aliyetwangwa laini.

Mbio za kumvika mdoli pia zina nafasi yake. Watengenezeeni washindani midoli ya matambara, na kila mmoja apewe kofia, soksi, nguo na blanketi. Wageni wote watakimbilia kuvika. Wakimaliza, mwamuzi atangaze kwamba mshindi ni yule tu aliyeanza kwa kumkausha mtoto na kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha akawafunika pamoja. Kelele zitakazotokea ni nzuri. Sumbawanga ipo karibu mita 1,800 juu ya bahari, na aliyezaa mwezi wa sita au wa saba anajua baridi yake. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hasa akilowa, ndiyo maana siku hizi haogeshwi kabla ya saa 24 kupita. Kifua cha mama kinampa joto kuliko blanketi tatu. Daktari Edgar Rey alianza kuwalea watoto njiti kwa njia hiyo mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu hospitali yake haikuwa na mashine za kutosha za kuwapa joto, na sasa inafundishwa duniani kote kwa jina la kangaruu. Baba na bibi nao wana vifua.

Ndiyo, hapana

Chorea mstari uwanjani kwa majivu. Upande mmoja ni Ndiyo, wa pili ni Hapana. Mama asome sentensi akiwa ameketi, wageni wakimbilie upande wanaouamini. Aliyekosea anatoka. Mwalikeni muuguzi wa zahanati awe mshauri wa mwamuzi, maana mabishano yatakuwepo. Sentensi zenyewe ni kama hizi.

Maziwa ya kwanza ya manjano yakamuliwe yamwagwe. Hapana, hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, anyonyeshwe ndani ya saa moja. Mtoto aliyezaliwa Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto la Muze au Ilemba, apewe maji kidogo. Hapana; apewe ziwa mara nyingi zaidi. Huku juu kuna baridi, mjamzito hahitaji chandarua. Hapana; mbu wapo hata juu, na wengi wetu hushuka bondeni kulima na kutembeleana. Kitovu kipakwe majivu au samadi kipone haraka. Hapana, kiachwe kikavu na kisafi, kisipakwe chochote ambacho muuguzi hakukitoa. Udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni unaongeza damu. Hapana, unaweza kuipunguza. Vinavyosaidia ni vidonge vya madini ya chuma vya kliniki. Aliyezaa salama mara nne hana haja ya hospitali mara ya tano. Hapana, na hapa muuguzi aeleze polepole: mfuko wa uzazi uliozaa mara nyingi huweza kuchoka kukaza baada ya mtoto kutoka, na damu ikamwagika.

Sentensi moja isiachwe: dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu inaharakisha na kusaidia. Nusu ya wageni watasimama upande wa Ndiyo. Msiwakaripie. Waelezeni kwamba dawa isiyojulikana kipimo chake inaweza kuukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu hadi ukapasuka, na mtoto kukosa hewa, na kwamba hata hospitalini dawa ya namna hiyo hutolewa kwa matone huku mama akichungwa.

Chupa imepasuka!

Sasa mchezo ambao kwa ajili yake tumeandika makala hii. Wamarekani hugandisha vidoli vidogo ndani ya vipande vya barafu, kila mgeni kikombe chake, na yule ambaye barafu yake inayeyuka kwanza hupiga kelele kwamba chupa imepasuka. Hapo anapewa zawadi, basi. Sisi tunashauri kelele hiyo iwe na kazi zaidi.

Mwanzoni mwa sherehe wageni wavute vikaratasi vyenye kazi. Mmoja ni mpiga simu. Mwingine ni mwenye usafiri. Mwingine ni mbeba kapu. Msindikizaji, atakayelala hospitalini. Mlezi wa watoto wakubwa. Mtunza nyumba na mifugo. Mtunza fedha. Wachangia damu wawili, wa umri wa miaka 18 hadi 65 na wenye kilo 50 au zaidi. Kisha sherehe iendelee kama kawaida. Mama, na yeye peke yake, anachagua dakika. Watu wakiwa katikati ya kula, anapiga kofi: "Chupa imepasuka!" Kila mmoja aache sahani na kufanya kazi yake kwa vitendo, huku mtu mwenye saa akihesabu. Kapu liko wapi? Namba ya dereva ni ipi? Fedha iko kwenye simu ya nani, na namba ya siri anaijua nani?

Mara ya kwanza itakuwa vurugu tupu. Rudieni, na mara hii mwamuzi alete matata. Ni saa nane usiku, Februari, mvua imekata barabara. Pikipiki haina mafuta. Baba yuko Kirando kwenye dagaa na simu yake haipatikani. Hilo la mwisho lipeni muda mrefu kuliko mengine. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba akina mama hufa kwa sababu ya kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. La kwanza liko mikononi mwetu kabisa. Kama baba hayupo, nani anaruhusiwa kusema "Twende"? Baba ajibu mwenyewe, siku hiyo, mbele ya mama yake mzazi na wakwe. Jibu zuri kuliko yote ni kwamba mkewe mwenyewe anaruhusiwa.

Wafundisheni pia kwamba kupasuka kwa chupa si hofu. Mama avae pedi safi, aangalie rangi ya maji, aende kituoni. Maji yakiwa ya kijani au kahawia, au mimba haijatimiza wiki 37, au kitovu kinaonekana, waende mbio. Na kuna dalili zisizongoja chupa wala uchungu: damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, mtoto kupunguza kucheza. Baada ya kuzaa, damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine inaweza kummaliza mama mwenye afya yake ndani ya saa mbili. Ndiyo maana vikaratasi vya wachangia damu vimo.

Kwa wanaokaa mbali, Wampembe na Ninde ziwani au chini ya Lyamba lya Mfipa, raundi nyingine ichezwe kwa swali hili: mama ahamie lini karibu na hospitali, na alale kwa nani? Baadhi ya vituo mkoani Rukwa vina nyumba za kusubiria. Penye ndugu Namanyere au Sumbawanga, ndugu huyo aulizwe mapema. Mwenye mapacha, kovu la upasuaji au shinikizo la damu asingoje kabisa mwezi wa tisa akiwa huko bondeni.

Juhudi za namna hii hazipotei. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ulikuta 104. Bado kila mmoja wa hao 104 alikuwa na ndugu, jirani na jumuiya.

Mkimaliza, vikaratasi visitupwe. Andikeni majina na namba za simu kwenye karatasi moja: dereva wa kwanza na wa pili, kituo cha afya, wachangia damu, na namba 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga wa mpango wa m-mama, ambayo kuipiga hakutozwi. Muulizeni muuguzi wenu jinsi inavyotumika katika kijiji chenu. Karatasi ibandikwe nyuma ya mlango wa chumba cha mama, kapu liwekwe chini yake, na yeyote aliyeandikwa hapo akipata safari kabla ya siku ya mama, amkabidhi mtu mwingine kazi yake na kulibadilisha jina kwa kalamu kabla hajaondoka.